Laptopu ya Kumkomoa Wifi

Nilimnunulia binti yangu laptopu ya gemu kwa hasira, na sitadanganya hapa kwamba ilikuwa kwa upendo. Upendo ulikuwepo, nampenda mwanangu kuliko kitu chochote, lakini siku ile si upendo uliofungua pochi.

Hasira yenyewe ilianzia nyumbani kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa Mpanda mjini. Ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha mwanawe. Sisi tulitoka kijijini kwetu Litapunga na debe la karanga na asali ya mizinga ya mume wangu, kama kawaida, na kama kawaida mimi nikafikia jikoni. Wageni wa kanisani walikaa barazani, wanaume sebuleni, mimi kwenye masufuria. Watoto walikuwa chumbani wakicheza gemu kwenye laptopu ya huyo kijana wa kipaimara. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, alikuwa amepewa zamu na binamu yake mwenyewe. Hakunyang'anya.

Wifi akaingia, akaona vidole vya mwanangu kwenye vitufe. Akamshika mkono akautoa. Kisha akachukua pindo la kitenge chake akavifuta vile vitufe, taratibu, kama vimemwagikiwa uji.

"Hivi si vitu vya watoto wa shamba," akasema, mlango ukiwa wazi na watu wote wakisikia. "Nenda kamsaidie mama yako vyombo."

Mwanangu akaja jikoni. Hakulia. Alichukua sufuria akaanza kusugua, na nilipomtazama akainamisha uso. Ningeweza kummwagia wifi beseni zima la maji ya vyombo na nisijute mpaka leo. Badala yake niliosha sahani zake zote, nikazipanga vizuri kabisa, huku nikiapa moyoni kwamba mwanangu atapata laptopu, itakuwa kubwa kuliko ya mwanawe, na yeye ataiona kwa macho yake mawili.

Mume wangu alijaribu kunituliza njiani. "Dada yangu unamjua mdomo wake."

"Namjua. Na yeye sasa atanijua mimi."

"Mke wangu, usitafute vita."

"Vita mmevianzisha nyie, wewe na ndugu zako. Mimi navimaliza tu."

Msimu uliofuata nililima karanga kama mtu aliyerogwa. Nikichoka, nikitaka kuketi, nilikuwa nalikumbuka lile pindo la kitenge likipita juu ya vitufe, nguvu zinarudi. Majirani walinisifu kwa bidii. Hawakujua kwamba kila tuta nililoinua, nilimwona wifi chini ya jembe.

Tulipouza karanga nilianza safari za mjini. Jumamosi tatu mfululizo nilienda kwenye duka la fundi mmoja karibu na soko, anayeuza laptopu mpya na zilizotumika. Binti yangu sikumchukua. Sikuona haja, maana ugomvi ulikuwa wa watu wazima.

Yule fundi alikuwa na subira ya ajabu. Alinieleza kwamba laptopu ya gemu haijulikani kwa taa wala kwa stika iliyobandikwa pembeni. Kuna kadi ya picha, hiyo ndiyo inayochora magari na barabara kwenye kioo, na laptopu isiyo na kadi yake yenyewe itakwamakwama mpaka mtoto aichukie. RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, isipungue GB nane, na ukikuta pana nafasi ya kuongeza nyingine ni bora zaidi. Akanionyesha matundu ya feni, akaniambia niweke kiganja pale nisikie joto. Akaniambia pia nitazame chaja, maana chaja ndiyo itakayonieleza mashine inakula umeme kiasi gani. Hilo la chaja nililisikia kwa sikio moja.

Jumamosi ya tatu akaweka mbili mezani. Moja ilikuwa ya kijivu, ya wastani, imetumika kidogo.

"Chukua hii, mama," akasema. "Kadi ipo, chaja yake ndogo, bei yake unaiweza. Kwa mtoto inatosha kabisa."

Nikamuuliza swali nililotoka nalo Litapunga. "Na ya mtoto wa wifi yangu ni ipi?"

Nilipomtajia jina alimfahamu, kwa sababu yeye ndiye aliyemuuzia. "Ni hii hii. Aina moja."

"Basi siitaki."

Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, ukiiwasha vitufe vinawaka rangi nyekundu, na chaja yake ina uzito wa tofali. Fundi alikuna kidevu. Akasema ile ni ya watu wanaotengeneza video za harusi, inakula umeme sana. "Kwenu mnatumia umeme wa nguzo?"

Nguzo ziliishia shule ya msingi. Sisi tuko mbele ya bonde, na tunatumia sola: taa nne, redio, televisheni ndogo, na kuchaji simu. Nilijua hivyo vizuri tu. Lakini kulitamka neno sola mbele ya mtu anayefahamiana na wifi yangu, ulimi ulikataa.

"Wa nguzo," nikasema.

Nikalipa pesa yote ya karanga, na juu yake nikaongeza ile niliyoweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Jiko letu lilikuwa la nyasi na linavuja. Niliona livuje tu.

Nikamwambia fundi aijaze chaji, nikaifunga kwenye khanga mpya, nikapanda bodaboda. Sikwenda nyumbani. Nilijua Jumamosi saa kumi wifi hukaa na wenzake wa kikundi barazani. Nikafika, nikasalimia kwa adabu zote, nikasema nimepita tu kumjulia hali. Kisha nikaifungua khanga mezani, katikati ya vikombe vya chai, nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu zikawaka. Wale kina mama wakasema "Eee!" kwa pamoja, na mimi nikajisikia nimeshiba.

"Ni ya mwanangu," nikasema. "Yule wa shamba."

Kijana wa kipaimara alitoka ndani mbio, akainama kuitazama, macho yakamtoka. "Anti, hii ni hatari! Dada yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Kwa hiyo yeye mwenyewe hajaiona?"

Nilikuwa namtazama mama yake. Wifi alikuwa amekunywa chai yake kidogo, akaweka kikombe, akatabasamu kwa upole wote wa kanisani.

"Hongera, wifi," akasema. "Na kule kwenu mtaichajia wapi?"

Nikasema sola yetu ni kubwa. Akatingisha kichwa polepole, akawageukia wenzake. "Jamani, wakishindwa nimewakaribisha. Umeme hapa upo, walete tu wachaji." Wakacheka wote, na hata yule aliyesema "Eee" kwa sauti kubwa kuliko wengine alicheka. Nilifunga khanga yangu nikaondoka, na hasira niliyotoka nayo ilikuwa mara mbili ya ile niliyoingia nayo.

Binti yangu alipoiona alinikumbatia mpaka nikasahau ule mdomo wa wifi kwa dakika kadhaa. Alicheza kama nusu saa kwa ile chaji ya dukani. Ilipopungua tukachomeka. Mashine ya sola ikapiga kelele, ikazima. Taa zikazima, redio ikazima, na simu tatu za majirani zilizokuwa kwenye chaji zikazima. Mume wangu aliiwasha tena, tukachomeka tena, ikazima tena. Alisimama pale na waya mkononi, akanitazama, na kwa sababu ni mtu mwenye akili akaenda kuwarudishia majirani simu zao.

Kumrudia wifi niombe umeme? Heri ningeitupa mtoni. Nikaenda kwa mwenye mashine ya kusaga, pale karibu na shule ambako nguzo zimefika. Akatukubalia kona moja, kila Jumamosi. Binti yangu akawa anakwenda kukaa juu ya gunia, mashine inanguruma, unga unaruka, yeye ameinamia laptopu, kope nyeupe kama bibi kizee. Alikuwa anakohoa akirudi. Nilikuwa namuuliza kama amecheza vizuri, anasema ndiyo mama, nimecheza. Na mimi nilikuwa nahakikisha kila anayekwenda mjini amepata habari kwamba mwanangu anacheza, ili zimfikie anayehusika.

Miezi mitatu haijaisha, laptopu ikaanza kuunguruma kushinda hata ile mashine, ikawa inazima yenyewe. Likizo ilikuwa imefika, nikamchukua binti yangu tukaenda kwa fundi. Akaifungua kwa bisibisi. Feni zote mbili zilikuwa zimeganda unga.

"Mama, hii ilikuwa inachezewa wapi?"

Nilikuwa natafuta uongo wa kumpa. Mwanangu akaniwahi. "Kwenye mashine ya kusaga. Nyumbani kwetu ni sola." Alilisema neno hilo kama anavyotaja jina la mtaa, bila aibu yoyote.

Fundi hakucheka. Alisema ataisafisha, lakini tukiendelea hivyo itakufa. Akasema kuna mteja wa video za harusi anataka ya aina ile, na kama tunakubali kupata hasara kidogo, atatupa ya kijivu na chenji. Ya kijivu itaishi na sola yetu tukiichaji mchana.

"Ile kama ya mtoto wa wifi?" nikasema. "Hapana. Safisha hii."

"Mama," binti yangu akasema, "hii ni yangu au ni yako?"

Hakusema kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilimtazama fundi, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Ni yako," nikasema.

"Basi mimi nachukua ile."

Fundi akamwekea ya kijivu mbele, akamuuliza anapenda gemu gani ajaribu. Ndipo nilipotambua kwamba miezi yote ile mimi sikuwahi kumuuliza. Anapenda gemu ya kuendesha basi. Hakuna risasi, hakuna mashindano, hakuna wa kumshinda. Unapakia abiria, unaondoka stendi, unafuata barabara, unasimama kituoni. Aliendesha kutoka stendi hadi kituo cha kwanza, akawasha indiketa kabla ya kukata kona, akafunga breki polepole ili abiria wasiyumbe. Fundi akasema gemu hiyo haihitaji hata nusu ya ile mashine niliyonunua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Chenji ilitosha mabati machache, si yote. Tulitoka dukani, yeye amebeba begi kifuani, tukasimama pembeni ya barabara kusubiri bodaboda. Wifi sijamsamehe. Naandika haya na bado nikilikumbuka lile pindo la kitenge natamani lile beseni la maji ya vyombo. Nilikuwa nimesimama pale nawaza nitakavyomkwepa, aliposema:

"Mama, shangazi tusimwambie."

"Tusimwambie nini?"

"Kwamba tumebadilisha. Akiuliza nitasema ile kubwa iko nyumbani, inachajiwa. Asije akakucheka tena."

Kumbe habari za siku ile ya chai zilikuwa zimemfikia, na kule mashineni, juu ya gunia, anakohoa unga kila Jumamosi, hakuwa anacheza tu. Alikuwa ananilindia heshima yangu. Nikamwambia hapana, shangazi yake akiuliza amwambie ukweli, na kama kuna wa kuchekwa ni mimi, mtu mzima, naweza.

Akatingisha kichwa, midomo ameibana.

"Simwambii," akasema. "Na yeye ipo siku atatujua sisi."

Bodaboda ikaja. Nikampandisha mbele yangu, nikamshika kiunoni, na njia nzima hadi Litapunga nilikuwa naisikia sauti ile, kwa sababu ilikuwa yangu, ya siku ile tukitoka kipaimara.