Swali la Mwisho la Unywele

Karakanani walimwita Unywele, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini alikereza vyuma kwa vipimo vyembamba kama unywele, ambavyo wenzake walivisikia tu. Mwaka huu akaharibu ekseli mbili za magurudumu ndani ya mwezi mmoja. Akaisingizia mashine, lakini ukweli aliujua peke yake: macho yalikuwa yanakwenda.

Njia ilibaki moja, kuhamia kufundisha vijana wanaoanza kazi. Msimamizi hakumung'unya maneno: "Mzee, faulu mtihani wa hesabu, nafasi ni yako. Ukishindwa, mwisho wa mwezi tunaagana."

Basi kila jioni mzee mzima na mvi zake akaketi mezani kufundishwa vikomo na bintiye, mwalimu wa sekondari. Binti aliandika kwa kalamu nene, tarakimu kubwa kubwa kama za ubaoni: (x² − 4) ÷ (x − 2), x ikikaribia 2.

Unywele akatia mbili. Sifuri juu, sifuri chini. "Hakuna jibu," akasema, akaisukuma karatasi.

"Nani kakuambia uifikie mbili, baba? Sogea tu. Tia moja nukta tisa."

Akapata 3.9. Akatia 1.99, akapata 3.99. Akaja kwa upande wa pili na 2.01, akapata 4.01.

"Inaelekea nne," akasema polepole. "Na pale kwenye mbili penyewe?"

"Pana tundu. Hatuulizi pale pana nini, tunauliza njia inaelekea wapi."

Wiki nzima jambo hilo liligoma kumwingia kichwani. Mkerezaji haamini kipimo asichokigusa, kwa hiyo katika kila swali aliitia namba ileile aliyokatazwa, akarudi na sifuri zake mbili. Kisha asubuhi moja, mkono ukiwa kwenye mashine, akakumbuka kwamba hata yeye hajawahi kukifikia kipimo kamili. Alikisogelea, akakisogelea tena, akajua kinakoishia. Alicheka peke yake kama mwendawazimu. Jioni hiyo alimaliza maswali kumi bila kosa.

Mtihani wenyewe ulikuwa umechapwa kwa herufi ndogo. Alianguka kwa alama mbili.

Binti aliichukua karatasi kwa hasira, akitafuta pa kukatia rufaa. Swali la mwisho liliuliza (x² − 3x) ÷ (x − 3), x ikikaribia 3. Baba alinakili (x² − 8x) ÷ (x − 8), x ikikaribia 8. Akarahisisha vizuri, akasogea kutoka kushoto, akasogea kutoka kulia, akajibu nane. Hatua zote zilikuwa sawa. Tatu zote alizisoma nane.

"Baba, tangu lini?"

Unywele alikuwa akipapasa meza, akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. "Tangu ekseli ya kwanza. Nilidhani nitawahi kabla macho hayajaisha."

Unywele aliona uchungu, na aibu pia, lakini kulikuwa na jambo alilotaka kulijua.

"Hesabu yenyewe lakini, niliielewa?"

"Uliielewa, baba," binti akasema, akamsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole vyake.