Vikombe vya msibani kwenye foleni ya uji

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala juu ya migomba na baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Mwanaidi Shekiondo amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto. Kuni ni mbichi. Moshi unamrudia usoni, naye anautukana kwa Kishambaa, kisha ananitaka radhi kwa Kiswahili.

"Hilo usiandike, mwanangu," anasema.

Nimeliacha. Yapo mengine ya kuandika, na yanatia hasira kuliko moshi.

Mwanaidi ana miaka 51. Hapa wote wanamwita Mama Sabra, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mpishi wa shule ya msingi iliyo mlimani upande wa Vuga, mahali ambapo mashamba ya kabichi na karoti ya wenyeji yanapakana na mashamba ya chai. Jina la shule nalihifadhi kwa ajili ya watoto. Kazi yake ni uji wa saa nne: kuchota maji, kuchekecha unga, kukoroga kwa mwiko unaomfika kifuani. Hulipwa shilingi elfu sabini kwa mwezi, pale kamati ya shule inapokumbuka.

Mtu aliyekunywa chai na chapati nyumbani anaweza kuuona uji kuwa jambo dogo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wachumaji wa chai huondoka kambini kabla hakujapambazuka, na watoto wao hufunga mlango wenyewe, huvaa sweta kama lipo, hupanda kilima hadi shuleni. Wengi wao hawajatia kitu mdomoni tangu jana yake.

"Mtoto wa kambini akikosa uji wa saa nne, basi tena mpaka jioni mama yake arudi," anasema Mama Sabra. "Asikudanganye mtu. Mimi ndiye ninayewaona. Wanakuja hapa jikoni wanajifanya wanaota moto, kumbe wananusa sufuria."

Na watoto hao hao ndio walionyimwa.

Mambo yalianza kwenye mkutano wa wazazi mwaka huu baada ya mavuno. Uliitishwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Kwa mkulima saa hiyo si mbaya. Kwa mchumaji wa chai, kuhudhuria maana yake ni kupoteza kibarua cha siku nzima. Waliokuja kutoka kambini ni wachache, na mmoja wao ni Dorkasi, mama wa watoto watatu, aliyetoka Singida miaka minane iliyopita kufuata kazi ya chai. Binti yake wa mwisho, Jackline, yuko darasa la pili.

Mkutano ulianza kwa Kiswahili. Mazungumzo yalipopamba moto, mwenyekiti wa kamati, Mzee Kassimu, akahamia Kishambaa, na wasemaji wote wakamfuata huko. Hakuna aliyekusudia kuwaficha wageni. Ndivyo watu wa huku wanavyozungumza wakishachangamka. Ila hakuna pia aliyekumbuka kugeuka nyuma na kuwaambia wenzao kilichokuwa kinasemwa.

"Watu walicheka, na mimi nikacheka," ananisimulia Dorkasi, akiwa ameketi mlangoni pa chumba chake kambini, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai. "Watu wakanyoosha mikono, na mimi nikanyoosha. Ungefanyaje? Wenyeji wote mikono juu, wewe mgeni ukae umekunja yako mapajani, si watasema unaringa?"

Alichokipitisha kwa mkono wake mwenyewe ni hiki: kila mzazi alete mahindi na maharage ya shambani kwake kabla ya mwisho wa Agosti. Fedha hazipokelewi, maana fedha za mwaka uliotangulia ziliyeyuka na hakuna aliyewahi kueleza zilikokwenda. Mzazi akishaleta, kikombe cha mtoto wake kipakwe rangi ya kijani kwenye kitako. Kikombe kisicho na rangi, hakuna uji.

Mahindi ya shambani kwake! Shamba lipi? Familia za kambini zinaishi kwenye nyumba za mwajiri na hazina hata tuta la mchicha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wamepewa, tena wanalishika mwaka mzima. Shamba hawajapewa.

Dorkasi alijua alichokubali siku Jackline aliporudi nyumbani na kumwambia, "Mama, kikombe chetu hakina rangi."

Alikwenda shuleni na fedha mkononi. Zikakataliwa. Akasema basi atateremka Mombo anunue mahindi ayalete. Akaambiwa muda umepita, asubiri mavuno mengine. Mavuno mengine! Mwalimu mkuu, alipofuatwa, akasema hilo ni suala la kamati na wazazi. Maji yakafika shingoni, kila mtu akasema si kisima changu.

Mama Sabra hakuwa mkutanoni. Alikuwa jikoni akiwapikia chai wajumbe. Sheria ile aliikuta imeshapita, na yeye ndiye aliyeagizwa kuisimamia: kabla ya kumimina, akigeuze kikombe atazame kitako.

"Mimi ni mpishi," anasema, na hapa anaacha kukoroga ili anitazame vizuri. "Siyo askari wa getini. Niligeuza wiki ya kwanza, nikageuza ya pili. Wale wasio na rangi wanakwenda kukaa kule ukutani, wanawatazama wenzao. Wengine wanapokezana na marafiki zao kwa siri, funda moja moja. Nikasema moyoni, hii dhambi naibeba mimi, kamati iko nyumbani imelala."

Kisha likaja lile la majani.

Asubuhi moja mwezi Oktoba Jackline alikuja kwenye foleni na kikombe chenye kitako cha kijani. Mama Sabra akakigeuza, na kijani kile kikambakia kwenye kidole gumba. Mtoto alikuwa amesaga majani ya mnavu akakipaka kikombe chake.

"Nikamwangalia, naye akaniangalia," anasema. "Nikafuta kidole kwenye kanga. Nikammiminia, nikamjazia."

Mzee Kassimu alikuwa amekuja siku hiyo kukagua ghala. Aliona. Akakichukua kikombe mkononi mwa mtoto wa miaka minane, akakigeuza, na uji wote ukamwagika kwenye nyasi mbele ya foleni nzima. Akasema, "Tukianza hivi, kesho nani ataleta mahindi?"

Nimemtafuta Mzee Kassimu anieleze mwenyewe. Ni mtu mstaarabu. Alinikaribisha, akanipa plamu za shambani kwake. "Mwandishi, bila kubana, watu hawaleti," alisema. "Mwaka juzi waliochanga ni nusu, waliokula ni wote. Ghala likakauka kabla ya Pasaka. Hapo uliona gazeti limekuja kutuandika?"

Hoja anayo, na naiandika kama alivyoisema. Mchango ni lazima utoke mahali fulani, na mzazi mwenye shamba anayekwepa anawaibia watoto wa wenzake. Lakini anayekwepa ni mtu mzima. Mbane huyo. Mfuate kwake, mwite ofisi ya kijiji, msemeshe mbele ya watu. Mtoto wa darasa la pili hana ghala wala jembe, hajawahi kukwepa kitu. Kumwagia uji wake chini ili wazazi wa wengine wapate somo ni ukatili, na hakuna neno la kistaarabu la kuufunika.

Siku hiyo Mama Sabra alimaliza kugawa. Jioni alikwenda kwa Bi Fatuma, mtunza vyombo wa kikundi chao cha kufa na kuzikana.

Vikundi hivi vipo kila kijiji. Wanawake wa misikiti na makanisa huchanga pamoja, hununua masufuria, sahani na vikombe, na mtu akifiwa vyombo hupelekwa kwake kabla hata jeneza halijafika. Vikombe vya kikundi chao ni vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu, vyote sawasawa. Havitoki stoo ila kwa msiba.

"Bi Fatuma aliniuliza, 'Nani kafa?'" anasimulia Mama Sabra. "Nikamwambia, hajafa mtu, dada. Aibu ndiyo imekufa."

Bi Fatuma alisikiliza habari yote, kisha akatoa ufunguo.

Asubuhi iliyofuata watoto walikuta vikombe vyeupe vimepangwa kwenye benchi la jikoni. Vile walivyokuja navyo kutoka nyumbani waliambiwa waviache kwenye begi. Havikutosha wote kwa mara moja, kwa hiyo walikunywa kwa zamu, wadogo kwanza, huku vikioshwa. Kitako cha kila kikombe kilikuwa cheupe. Hapakuwa na cha kugeuza wala cha kukagua.

Kamati ilimwita. Akaulizwa kwa ruhusa ya nani.

"Niliwauliza nyinyi wazee," anasema, "msibani, mtu akija kula, nani huwa anamuuliza umechanga nini? Tunampikia hata mpita njia tusiyemjua. Maiti tunamheshimu kiasi hicho. Huyu mtoto yu hai, anatembea, anasema shikamoo, ndiye tunamnyima? Mmoja akasema nitafukuzwa kazi. Nikamwambia mwiko huo hapo, kesho uamke wewe saa kumi."

Hadi naandika haya hajafukuzwa. Hakuna aliyejitokeza kuuchukua mwiko. Wanawake wa kikundi chake wenye mashamba wameleta mahindi juu ya yale waliyokwisha kuchanga, na wachumaji wa kambini wamejipanga kuleta kuni na kuchota maji kwa zamu siku za mapumziko. Lakini sheria ya rangi bado ipo, na mkopo wa vikombe si wa milele. Ukitokea msiba kesho, vitaondoka.

Ndiyo maana Mama Sabra alikubali kuzungumza na gazeti. Ana ya kuwaambia wazazi, hasa wa kambini, na ameniagiza niyaandike yasomeke.

"Mzazi, nenda mkutanoni, na kama saa waliyopanga huiwezi, nenda mapema ukaombe ibadilishwe, siyo unung'unike nyumbani. Wakisema lugha usiyoijua, simama, sema samahani, sijaelewa. Hiyo siyo kuringa. Usinyooshe mkono kwa sababu jirani kanyoosha. Uliza mchango ni nini, kwa lini, na asiye na shamba atoe nini. Dai risiti. Na kama nyumbani hakuna kitu, njoo jikoni uniambie mimi au mwalimu wa darasa. Usimwachie mtoto ajitetee mwenyewe."

Anaongeza kwamba elimu bila ada haikuja na ruhusa ya kumwadhibu mtoto kwa mchango wa mzazi wake, na kwamba mzazi aliyefungiwa mlango shuleni asiishie hapo, aende kwa ofisa elimu wa kata.

Mkutano mwingine umepangwa, safari hii Jumapili alasiri, baada ya Dorkasi na wenzake kwenda pamoja kuiomba kamati. Mama Sabra atakuwepo. Chai ya wajumbe, anasema, watajipikia. Anataka mambo mawili: sheria ya rangi ifutwe, na shule inunue vikombe vyake, vyote vya namna moja.

Saa nne kengele inalia. Watoto wanajipanga foleni, pua zinawachuruzika kwa baridi. Zamu ya Jackline inafika. Anaamkia, anachukua kikombe cheupe kwenye benchi, na kabla ya kukisogeza kwenye sufuria anakigeuza kichwa chini, anamwonyesha mpishi kitako.

Mama Sabra anakishika, anakigeuza tena taratibu, anamimina.

"Kila siku ananionyesha," ananiambia mtoto akishaondoka. "Nimemwambia aache, anasahau. Mimi naomba Mungu niwe bado hapa jikoni siku atakaponyoosha kikombe tu, kama mtoto mwingine yeyote."