Habari za Ipuli

Vidonge nilimeza. Mtu asije akaniambia sikumeza. Daktari alinibadilishia aina, akaongeza dozi, akabadilisha tena, na bado nikiamka kifua ni kizito vilevile, cherehani imefunikwa, vitambaa vya wateja vimelala kapuni. Sonona, ndivyo alivyouita ugonjwa wangu. Mwishowe akasema tujaribu mazungumzo: vikao vichache tu na mshauri wa hospitalini, halafu basi.

Mazungumzo! Mimi ninayekaa peke yangu Ipuli, ninayeweza kumaliza wiki nimeongea na muuza mkaa tu.

Mshauri alikuwa binti ninayeweza kumzaa. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Umelalaje?" "Salama." "Na kazi?" "Tunamshukuru Mungu." Ndivyo nilivyolelewa. Hata penye msiba mtu hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme ila. Mimi kwenye ila sikufika. Vikao vikawa vinakwisha, nami narudi nyumbani na adabu yangu yote na upweke wangu wote.

Kikao cha kabla ya mwisho akaweka kalamu chini. "Mama, salamu tumeshamaliza. Ukiniambia mbaya hujanikosea heshima. Lakini tukiagana hujasema, utabaki nayo peke yako."

Nilikasirika jamani! Hako katoto kanifundishe mimi adabu? Kisha nikasema, "Mbaya." Yaliyofuata siyakumbuki vizuri, nakumbuka mtandio ulilowa wote. Akaniomba jambo moja: kabla ya kikao cha mwisho, nimwambie na mtu mwingine, mmoja tu.

Nimwambie nani? Nina dada yangu kijijini Goweko, analima tumbaku. Jumapili akapiga simu, kama kawaida yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za Ipuli?"

Nzuri ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaimeza.

"Mbaya, dada."

Nikasikia kuku wake wakitetea uani. Niliogopa, wallahi, nikatamani kukata simu.

"Mungu wangu! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, dada. Ni mimi tu."

Nikaangua kilio. Kuku waliendelea kutetea huko Goweko, na dada yangu hakukata simu.