Namba ya Mama Mkwe

Nina hasira za karibu, sikatai. Hata nyumbani Nyasura wanangu wananiambiaga, "Mama, wewe unafoka kwanza, unauliza baadaye." Tulikuwa tunacheka. Sasa sicheki.

Kwenye kliniki ya lishe hapa Bunda, kila mtoto mwenye uzito mdogo tunamfungulia kadi, na mama akikosa siku yake tunampigia simu. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kisorya na mtoto wa miezi tisa. Mume alikuwa visiwani kwenye dagaa, na simu pale nyumbani ilikuwa moja. Akanitajia namba, kisha akaninong'oneza: "Dada, hiyo ni ya mama mkwe. Kule hawajui kama nina virusi. Wakijua wananifukuza, na mtoto wanabaki naye." Nikamwambia aondoe wasiwasi. Namba nikaiandika. Maneno yake sikuyaandika, maana kwenye kadi kulikuwa na nafasi ya namba tu.

Akakosa wiki mbili. Siku hiyo foleni ilifika nje, watoto wanalia, mwenzangu hajaja, mimi nimefura. Nikapiga. Kusikia tu sauti ya mwanamke, nikaanza, hata salamu hakuna: "Wewe mama vipi? Mtoto anakwisha, na dawa zako za kufubaza virusi nani anakumezea?"

Ikajibu sauti ya mtu mzima, taratibu kabisa: "Endelea, mwanangu. Nakusikiliza."

Mungu wangu! Nikakata simu.

Mwezi uliofuata mama mkwe akamleta mtoto mwenyewe. Nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri tu, akanishukuru hata. Akasema mkwe wake amerudi kwao Ukerewe, mtoto ni wa ukoo wao. Nikampima mtoto bila kuinua macho. Tangu hapo, niwe nasonga ugali au niko kanisani, ile "endelea, mwanangu" naisikia. Kazini sikumwambia mtu. Baadaye tukapewa semina ya kutunza siri za wateja. Nilikaa mbele, nikaandika kila neno. Habari za mtoto anapewa anayemleta, basi.

Majuzi nilienda Kisorya msibani. Pale kivukoni nikamwona yule mama wa mtoto, amekaa na mfuko wake, amekonda, anasubiri kurudi Ukerewe. Nilitaka kujificha, jamani, lakini alishaniona. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema alikuja kumwona mtoto, wakwe wakamkataza hata kufika uani. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Dada, ana kilo ngapi sasa?"

Nane na nusu. Nilikuwa nazo kichwani, na meno mawili mapya ya juu, na namna anavyosimama akishika meza yangu. Nikamwangalia mama yake, nikaogopa.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Haturuhusiwi kusema."