Kibali cha Mchungaji Mpya

Gerrit Postema alitumia maisha yake kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, na baadhi ya Jumamosi, katika ukumbi wa zimamoto pale Noordvale, Michigan, aliwafundisha watu sheria za kubeba bastola. Mkewe, Alida, ndiye aliyepika kahawa ya darasa, kwa hiyo masomo yale aliyajua kama Zaburi. Ukiivaa kiunoni ikaonekana, hilo ni jambo moja. Koti likishuka likaifunika, umeificha, na hapo lazima uwe na kibali. Ukiingia nayo garini ina risasi, kibali vilevile. Askari akikusimamisha barabarani, mikono iwe juu ya usukani, na neno lako la kwanza liwe kwamba unayo. Shuleni hapana, hospitalini hapana, baa hapana. Kanisani hapana, ila kama anayeliongoza amekuruhusu.

"Anayeliongoza," Gerrit alikuwa akikazia. "Si shemasi. Wala si mkeo."

Watu walicheka kila mara, na Alida pia, huku akimimina.

Mchungaji wa zamani alikuwa amemruhusu. Tangu kanisa moja la mbali liliposhambuliwa, Gerrit alisimama mlangoni kila Jumapili akigawa karatasi za ibada, bastola imelala chini ya koti. Watoto aliowafungulia mlango wakakua, wakaleta watoto wao. Kisha mchungaji yule akastaafu, akaja kijana, Joel Brandsma. Jumapili yake ya kwanza Gerrit alifanya kama alivyozoea: aliufunga mlango, akaketi karibu na Alida benchi la nyuma.

Katika kanisa lile mahubiri yakianza, pipi za mnanaa huanza kutembea, mkono kwa mkono, hadi mwisho wa benchi. Alida alikuwa akimpa Gerrit yake alipomwona amekauka.

"Nini tena?" alinong'ona.

"Ruhusa ilikuwa ya yule," Gerrit akajibu. "Huyu sijamwomba."

Akainuka, akatoka. Mlango mzito ukajibamiza nyuma yake, mchungaji akiwa bado kwenye sentensi ya pili. Bastola akaifungia garini, kisha akaona haya kurudi ndani. Akakaa mumo humo hadi ibada ikaisha.

Wakati wa kahawa baada ya ibada, habari ilikuwa imeshaiva: Postema amemkataa mchungaji mpya. Watu walikuwa na sababu ya kuamini. Ndugu yake Gerrit aliwahi kutoka hivyohivyo kwa ugomvi wa kinanda, akajiunga na kanisa la ng'ambo ya barabara, na ndugu hao wawili hawakula tena meza moja hadi mmoja alipozikwa. Hilo ndilo Alida aliloliogopa. Bastola haikumsumbua. Alijua mumewe akishaona aibu mahali, harudi.

Alasiri kaka yake Alida, Wendell, alikuja kula supu ya njegere.

"Shemeji, umemkimbia kijana wa watu hata pipi haijayeyuka?"

Gerrit akamweleza. Wendell alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Mwalimu wa sheria kavunja sheria! Haya, Jumapili ijayo ivae juu ya koti. Kibali unacho, na katazo la kanisani ni la iliyofichwa; ikionekana wazi hawakushiki. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

"Niliwafundisha sheria. Sikuwafundisha kumzunguka mchungaji."

"Basi utafanyaje?"

"Labda nitapumzika kidogo, nisikie ibada redioni."

Alida akaacha kuosha sufuria, akamgeukia mumewe, akimwita kwa jina la mwana wao. "Baba Dirk, ndugu yako naye alianza kwa kupumzika. Kesho tunakwenda kwa mchungaji, mimi na wewe."

Wakaenda. Gerrit alisema yote, hata lile la kuketi ibadani akiwa mkosaji. Brandsma hakumkatiza.

"Mzee Postema, mlango nakuomba uendelee kuusimamia," alisema mwishoni. "Bastola siruhusu."

Alida akamwona mumewe akisogea ukingoni mwa kiti.

"Akija mtu mbaya?"

"Utanikuta nimeshafika."

"Mimbari iko mbali."

"Nina miguu mirefu."

Gerrit aliitazama miguu ile kwa makini, kama mashine aliyoitwa kuitengeneza. Hakucheka. "Sheria inasema wewe ndiye," akasema, akachukua kofia yake.

Jumapili iliyofuata aliiacha bastola nyumbani, akasimama mlangoni. Kutwa mkono ulikuwa ukimteleza kiunoni, ukikuta patupu, ukirudi. Alida akaanza kumtilia mfuko wa pipi katika mfuko wa koti upande uleule, ili mkono ule ukishuka ukute kitu. Na darasani Gerrit akaongeza fungu moja: mchungaji akibadilishwa, kaombe upya, akikunyima, iache nyumbani, wewe nenda.

Alisimama pale hadi vuli hii, Bwana alipomwita akiwa amelala. Siku ya mazishi Alida alifika mapema, akamkuta Brandsma mwenyewe mlangoni, na karatasi za ibada mkononi, hajui hata zishikwe vipi.

"Zishike kwa kushoto, Pasta," akamwambia. "Kulia ni kwa kusalimia."

Akaenda benchi la nyuma. Mahubiri yalipoanza, aliutoa mfuko aliokuwa ameukuta katika koti la Gerrit, akachukua pipi moja, akaupitisha kwa Wendell.