Uso wa Wendelin Ndio Kipimo cha Komoni ya Kunigunda

Ukungu bado umelala juu ya Namswea, wilayani Mbinga, na Kunigunda Kinunda anafunua pipa. Anasikiliza kwanza, kwa sababu pombe iliyo hai huwa na mnong'ono wake. Kisha anachota kwa kata, anapuliza povu pembeni na kumimina kidogo kwenye kikombe cha bati.

Hanywi. Anampelekea mume wake, Wendelin Komba, aliyeketi kwenye kigoda mlangoni akiwa amevaa koti la Jumapili, ingawa leo ni Jumanne.

Wateja waliowahi wanaacha maongezi. Wendelin anapokea kikombe kwa uzito wa mwalimu wa zamu anayeonja uji wa wanafunzi huku akijua nyumbani kwake kuna chai ya maziwa. Anapiga funda moja.

Macho yanajifumba. Bega la kushoto linapanda hadi sikioni. Mdomo unahamia upande wa kulia, mguu unapiga teke hewani, na mbwa aliyekuwa karibu anaamua kwenda kulala kwingine.

“Imeiva,” anatangaza Bibi Hilda, mteja wa miaka mingi, na kunyoosha kikombe chake cha plastiki awe wa kwanza kumiminiwa.

Hivyo ndivyo biashara inavyofunguliwa nyumbani kwa Kunigunda. Miji mikubwa ina maabara za kupima ubora wa vinywaji, zenye mashine na watu wa makoti meupe. Namswea ina Wendelin, na hadi sasa hakuna aliyekata rufaa.

Kunigunda, mwenye umri wa miaka 52 na mama wa watoto watatu, anapika komoni, pombe ya unga wa mahindi uliolowekwa hadi ukachachuka, ukakaangwa, ukapikwa, kisha ukatiwa kimea cha ulezi. Ni nzito, ina rangi ya barabara ya vumbi baada ya mvua, na uchachu wake humshika mtu nyuma ya masikio. Alirithi kazi hii kwa mama yake, na anasema mapipa yake ndiyo yaliyowasomesha watoto wote, akiwemo Raimundi, kifungua mimba wake, ambaye sasa ni fundi umeme Songea.

Mume wake haipendi komoni. Hajawahi kuipenda na hajawahi kuficha. Kila jioni, akishafunga karakana yake ya useremala, huvuka barabara hadi grosari ya Mansuetus, akaketi peke yake na bia moja ya chupa, iliyopoa, kwa bei ambayo ng'ambo ya barabara, kwa mke wake, ingemnunulia karibu lita tatu.

Wendelin alizaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, na alipanda milimani akiwa kijana kutafuta kazi ya kutengeneza milango. Alipopelekwa ukweni kujitambulisha, wajomba wa Kunigunda walimkaribisha kwa kikombe kilichojaa. Alikunywa, na uso wake ukafanya kama ulivyofanya leo asubuhi. Wajomba wakadhani amemkataa binti yao.

“Ilibidi niseme haraka,” anakumbuka. “Niliwaambia, wazee wangu, shikamooni tena. Binti namtaka sana. Kisichopita ni hiki kikombe.”

Anaeleza kwamba hana ugomvi na komoni. Ni ulimi wake tu uliokataa uchachu tangu utotoni. Hata maziwa mgando hayagusi, na limau kwenye samaki hulitoa kwa kidole.

“Ya chupa naijua,” anasema. “Nikiifungua hapa, nikiifungua Mbamba Bay, nikiifungua Songea, ni ileile. Sina haja ya kuuliza imeamkaje.”

Mke wake anatikisa kichwa.

“Ndiyo maana haina maongezi,” anajibu. “Mtu anakunywa huku anasoma karatasi ya chupa. Yangu ya leo si ya juzi. Watu wanaanza kubishana kabla hata hawajakaa.”

Kwa miaka ya mwanzo, safari hiyo ya kuvuka barabara ilimtesa Kunigunda. Wanawake kisimani waliuliza, kwa upole unaouma kuliko tusi, kama kuna kitu Baba Raimundi anakijua kuhusu pipa lile ambacho wao hawakijui. Wateja wakaanza kupungua.

Aliyemwokoa ni Bibi Hilda. Yeye, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe amekunywa komoni ya wapishi wanne hadi wakastaafu, aligundua kwamba siku Wendelin anapoonjeshwa na kuumia kwelikweli, pombe huwa tamu mno kwa wanywaji. Siku anapoumia kidogo, huwa ya kawaida. Aliwatangazia wenzake, wakachunguza kwa muda, wakathibitisha. Tangu hapo hakuna anayenunua kabla fundi hajaonja, na wiki nzuri humwachia Kunigunda faida ya kama shilingi elfu arobaini.

Utaratibu huo ulikaribia kumwangusha Machi mwaka huu.

Kunigunda ana shamba kwenye mteremko mkali, alilorithi pia kwa mama yake, ambalo lilikuwa limelala pori kwa miaka kadhaa. Alitaka kulirudisha kwa ngolo, mashimo ya Wamatengo: nyasi zinafyekwa, zinapangwa kwa miraba, kisha udongo unafukuliwa katikati na kuzifunika, hadi kilima kizima kinafanana na sega la nyuki. Mvua inaingia shimoni badala ya kuondoka na udongo. Ni kazi isiyofanywa na mtu mmoja, na Wendelin ni seremala ambaye akipewa jembe hupima mpini kwanza.

Kwa hiyo aliita ngokela. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa. Hakuna malipo mengine. Maharage yalitakiwa kuwa ardhini kabla mvua hazijaisha, na asingeweza kuita watu mara ya pili: anayeita ngokela kwa pombe mbovu hulima peke yake mwaka unaofuata. Kwa mpika pombe, ni kama padri kusahau misa.

Siku mbili kabla, Wendelin aliamua kumsaidia mke wake kwa namna anayoijua. Aling'oa mlango wa jiko, uliokuwa unakwaruza chini, ili aupige randa na upendeze macho ya wageni. Baridi ya Mbinga haikuhitaji mwaliko zaidi. Iliingia na manyunyu yake usiku kucha, ikakaa na mapipa.

Asubuhi ya kazi majirani walijaa uani, majembe begani. Katekista Florian aliongoza sala fupi. Wendelin akaletewa kikombe, akanywa, na watu wakasubiri.

Hakuna kilichotokea. Bega lilibaki pale Mungu alipoliweka. Alitazama ndani ya kikombe, akanywa tena.

“Leo si mbaya,” alisema. “Ukiniongeza kidogo sikatai.”

Watu walitazamana kama wanafunzi mstarini, mwalimu wa nidhamu anapofungua karatasi ya majina. Florian aliteremsha jembe lake. Bibi Hilda akakichukua kikombe, akaonja mwenyewe na kutoa hukumu.

“Mama Raimundi, hii ni togwa. Wajukuu zangu wangekushukuru.”

Kunigunda anakiri kwamba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimvuta mume wake nyuma ya jiko, akamsihi arudi aonje tena, safari hii akunje uso. Wendelin aliuliza atakunjaje na pombe imepita vizuri. Mke akamwambia afikirie kile kikombe cha wajomba.

Akajaribu. Alirudi mbele ya kadamnasi, akanywa, akafumba jicho moja, akakumbuka na la pili, akapandisha mabega yote mawili kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. Mguu aliusahau kabisa, kisha akaupiga teke peke yake, baada ya kila kitu kingine kuisha.

“Huo ni uso wa jino, baba,” alisema Bibi Hilda. “Uso wa komoni tunaufahamu.”

Watu walicheka hadi wengine wakakalia majembe. Kunigunda hakucheka. Anasema aliutazama ule mteremko, akauona ukirudi pori, akaona na mapipa yake yakigeuka ya kuvunia maji ya mvua. Akasema ukweli: pombe haijaiva, na yeye ndiye aliyemwomba mume wake aigize.

Hapo ndipo macho ya Wendelin yalipotua kwenye ule mlango, umelala kwenye benchi la karakana, umepigwa randa vizuri. Alivuka barabara, akarudi na kreti la bia begani, akalitua katikati ya uwanja.

Majirani walilitazama kwa heshima, lakini hakuna aliyeinama. Florian, ambaye watu husubiri aseme kwanza, aliuliza swali moja.

“Nani apewe na nani aachwe? Na aliyepewa chupa moja alime hadi wapi?”

Hapo ndipo penye tofauti, na wenyeji wanaieleza bila kuinua sauti. Kikombe cha komoni kwenye ngokela huzunguka. Aliyelima kwa kasi na aliyelima kwa kukohoa hukipokea kutoka mkono uleule, na hakuna anayejua nani amekunywa kiasi gani. Chupa ina mwenyewe. Ukishaifungua, jirani anakuwa mtu asiyeifungua.

Kreti likarudi kwa Mansuetus likiwa limepungua chupa moja, ambayo Wendelin aliinywa kwa masikitiko yasiyoonekana kwa macho.

Uamuzi wa mwisho ulitoka kwa Bibi Hilda.

“Tutalima nusu ya mteremko, hiyo ni ya togwa,” alisema. “Iliyobaki ni ya komoni. Ikiiva, utuite.”

Walilima nusu, wakinywa togwa kama watoto siku ya komunyo ya kwanza, na kutaniana nani ataitwa nyumbani na mama yake. Wendelin naye aliupachika mlango, akawasha moto jikoni, akashinda kando ya mapipa akipepea makaa kama muuguzi wa zamu.

Asubuhi iliyofuata walirudi wote. Kunigunda alichota. Wendelin akanywa, na teke lilikuwa kubwa kiasi kwamba kigoda kilipinduka na fundi nacho. Aliyesimama karibu anasema kikombe kilikuwa bado mkononi na uso ulikuwa haujamaliza. Watu walipiga makofi, wakapanda mlimani wakiimba, na kabla jua halijainama walikuwa wamefika kijitoni, mwisho wa shamba.

Maharage yale sasa yamevunwa na kuuzwa. Kwa fedha hizo Kunigunda amefyatulisha matofali ya kilabu chenye paa la bati, madirisha na mabenchi ambayo Wendelin ameanza kuyaranda. Mlango, amemwekea sharti, utatengenezwa kabla mapipa hayajaingia. Pembeni anataka kuweka friji dogo, kwa ajili ya bia ya mume wake.

“Kwa nini avuke barabara?” anauliza. “Akae palepale nimwone. Yeye na chupa yake, sisi na kikombe chetu. Mdomo ni wa kila mtu.”

Lakini ana wasiwasi mmoja, na anapousema anapunguza sauti na kutazama upande wa karakana. Wiki iliyopita, baada ya kuonja na kukunja uso kama kawaida, Wendelin alilamba mdomo. Mara moja tu, polepole. Wateja hawakuona. Yeye aliona.

“Namwombea kila siku,” anasema. “Afya, miaka mingi, na asije akaizoea.”

Siku hiyo alimnyang'anya kikombe kabla hajapiga funda la pili, akafungua fundo la kanga, akampa hela na kumwambia aende kwa Mansuetus mapema, bia ya leo inalipiwa na mkewe.