Bahasha Chini ya Zege

Watu wa usharika wetu waache kuniambia nimsamehe kaka yangu. Habari za kusamehe nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili miaka mingi pale Bilele, Bukoba mjini, nazijua. Ila nina hasira, na bado ninaihitaji.

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa Muleba ambaye hakuwahi kukanyaga theluji maishani. Tangu nikiwa msichana tulikusanya mihuri ya posta za ncha za dunia. Tulituma barua Greenland, visiwa vya barafu vya Svalbard, na vijiji ambavyo wakazi wake wote wanaenea ukumbi mmoja wa harusi, ndani tukiweka bahasha ndogo yenye anwani yetu na kuponi ya posta ya kulipia stempu ya huko. Mtu wa posta anagonga muhuri, anaturudishia bahasha. Tupu. Majirani walishindwa kabisa kuelewa: mzee anasubiri barua mwaka mzima, inakuja haina hata neno, naye anafurahi kama kapata mjukuu.

Kaka alicheka kuliko wote. Yeye alibaki nyumbani akipalilia na kuchuma kahawa. Mimi nikakaa mjini na duka langu la vifaa vya ofisi Miembeni.

Mwaka wa mwisho Baba aliandikia kituo kimoja cha utafiti Antaktika, ambako meli huchukua barua mara moja tu kwa mwaka. Alikuwa ameshaugua. Hata hivyo alikataa nimsaidie kuandika. Kwenye bahasha ndogo aliandika jina langu, siyo lake kama kawaida, na sanduku lile lile la posta la Muleba.

"Hii ni yako," akaniambia. "Ikirudi usiifungue. Iangalie tu."

Miezi mitatu baadaye tulimzika kwenye migomba.

Kaka, kwa kuwa ndiye musika, mrithi mkuu kwa mila yetu, akarithi kibanja chenye migomba na kahawa, nyumba na ufunguo wa sanduku la posta. Sikulalamika. Kwetu binti hadai kibanja, nimekua nikilijua hilo. Mimi nilisubiri bahasha yangu.

Mwaka uliofuata, wiki ya kujengea kaburi, nilifika Jumamosi, mafundi wameshamaliza. Shangazi alinipokea kwa furaha. Akanieleza kwamba barua ya Baba imekuja kutoka mbali, ina muhuri wa ndege aliyesimama wima kama mtu, nikajua ni pengwini wa Antaktika, na mwandiko ni wa Baba mwenyewe. Wazee walishtuka, maana maiti haandiki. Wakakubaliana kwamba kilicho chake apewe, kisije kulala ndani ya nyumba ya walio hai, na ikawekwa kaburini kabla zege halijamwagwa. Alitegemea nimshukuru.

Nilimuuliza nani alisoma jina. Akasema yeye hakuwa na miwani, wazee waliutambua mwandiko tu, na aliyeitoa posta ni kaka yangu.

Nilimkuta kwenye migomba akikata majani makavu. Sikumwamkia. Nilimuuliza kama aliliona jina langu.

"Nililisoma," akasema, bila kuacha kukata.

Nikamwambia kwamba amezika kitu pekee nilichoachiwa, wakati yeye ana kila kitu, hadi ufunguo. Nikamwita mwizi. Niliyasema yote kwa Kihaya, maana Kiswahili changu ni cha darasani na hakinitoshi nikikasirika.

Akanyooka.

"Miaka mitano nilimwogesha," akasema. "Hata siku moja hakuniita nikae naye pale mezani mlipoandikia barua zenu. Wewe unakuja Pasaka na Krismasi, unaandikiwa barua. Mimi mwandiko wake ninao kwenye vikaratasi vya kunituma dukani."

Niliondoka bila kuonja ndizi zao. Njia nzima hadi Bukoba niliyarudia maneno yake kichwani, na alichosema ni kweli. Nilichotaka wakati ule ni kumgombeza Baba, kwa kutomwita kaka pale mezani. Na Baba yuko chini ya zege, na barua yangu.